Herufi M Kwenye Kitabu cha Ubatizo

Mimi nimesoma mpaka darasa la pili, basi. Nyumba zangu za mtaa wa Daraja Mbili nimezijenga kwa kupasua kokoto, na sikuzoea kumwomba mtu aniandikie barua. Lakini mwaka juzi nilikwama kwenye kitambulisho cha taifa. Nimezaliwa Oldonyo Sambu, njia ya kwenda mpakani, na afisa akataka karatasi ya kuonyesha kwamba baba yangu ni wa hapa. Bila hiyo, hata kiwanja nisingeweza kukiandikisha kwa jina la binti yangu.

Nikapanda mpaka kanisa letu la zamani. Karani wa usharika ni mama wa makamo. Akaniamkia, akafuta mikono kwenye kanga, akatoa vitabu vya ubatizo vilivyoliwa na mchwa pembeni. Hakuniuliza mwaka, aliona siujui. Aliuliza nilitahiriwa na rika gani, akahesabu kurudi nyuma. Mtu ana akili.

Karibu saa sita akanipata. Jina langu sawa, la mama sawa. La baba akalisoma: lilikuwa la kaka yangu wa kwanza, aliyefariki akiwa mchanga kabla sijazaliwa.

Nikamwambia afunge kitabu. "Kwa hiyo kaka yangu ndiye amenizaa?"

"Tulia, baba. Hapa mbele ya hilo jina kuna M na nukta. Mama yako alikuwa anamwitaje mzee nyumbani?"

Nikamjibu kwamba alimwita kama mama zetu wote walivyowaita waume zao: Menye, yaani baba wa fulani, na huyo fulani ni mtoto wa kwanza, hata akiwa kaburini. Mwanamke hatamki jina la mumewe. Bado naongea, nikaelewa. Mama alinipeleka kubatizwa peke yake. Mchungaji, mgeni wa mbali, akamuuliza jina la mume, naye akajibu kwa adabu yake. Yule akadhani Menye ni jina la mtu, akalifupisha.

Karani hakuishia hapo. Alisema afisa hatakubali hadithi. Akafunua kitabu cha nyuma zaidi, akamtafuta kaka yangu, na huyo alipelekwa na baba mwenyewe. Jina la mama ni lile lile, na la baba lipo, kamili, na kijiji chake. Akanakili kurasa zote mbili, akagonga muhuri. Nimefanya kazi na mainjinia wa kila aina. Anayeijua kazi yake namna ile sijamwona.

Afisa alizisoma karatasi mara mbili. Akauliza inawezekanaje mke asijue jina la mumewe.

"Alilijua," nikamwambia. "Ndiyo maana hakulitaja."

Akavuta kile kimashine cha alama za vidole, akaniambia nianze na dole gumba.