Sare ya Raya Chini ya Abaya Yangu

Hapa mtaani kwetu Hail wananiita Daktari. Ukisikia mtu ananiita hivyo harusini, na wanawake waliokaa karibu wakaziba midomo kwa mitandio, usidhani nimesoma, maana shule niliiacha darasa la saba. Hilo ni jina la aibu yangu, na leo nimeona bora nilieleze mwenyewe kuliko mlisikie kwa Bi Ghaniya, jirani yetu, kwa sababu kila anapohadithia yeye, mkono wa bibi niliyempima unazidi kuvimba, na mara ya mwisho nilipomsikia ulikuwa karibu kukatwa.

Kisa chenyewe kimeanza na kijicho, kwa hiyo nitaanza na kijicho.

Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na tatu. Baba alikuwa keshatangulia. Nikabaki na wadogo zangu watatu, wa mwisho Raya, ambaye hata viatu alikuwa hajui kuvaa mwenyewe. Ami yetu alikuwa akitia saini makaratasi na kutuletea mchele, Mungu amlipe, lakini wa kuwachana nywele, kuwafulia na kuwakimbiza skuli asubuhi alikuwa mimi. Nikaacha masomo, nikashika sindano, nikawa nashona kofia za kiume, tundu moja moja, mpaka vidole vikawa na sugu. Sikulalamika. Ila wodini, siku za mwisho za mama, palikuwa na nesi mmoja aliyekuwa akitembea bila viatu vyake kusikika, akimgeuza mama kama anageuza mtoto mchanga, nami nilimwambia mama nikikua nitakuwa kama yule. Mama akasema inshaallah. Baada ya hapo sikumwambia mtu tena.

Sasa Raya, mwishoni mwa miaka ya tisini, kamaliza sekondari, kaja kuniambia anataka kuomba chuo cha uuguzi. Chuo hicho hicho cha ndoto yangu! Nikasema alhamdulillah, na nilimaanisha (nusu). Faili lake nililipanga mimi: cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, picha, karatasi ya hospitali, kila kimoja ndani ya plastiki yake. Tulipofika dirishani, karani alinitazama mimi akauliza, "Na wewe unaomba?" Kabla sijafungua mdomo, Raya akajibu, "Hapana, huyu dada yangu, kanisindikiza tu."

Hakusema uongo. Lakini lile neno "tu" lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki changu. Nikakaa nje kwenye kiti cha bati, namsikia ndani anahojiwa kwa Kiingereza, anacheka na waliomhoji, na mimi nahesabu kofia ngapi zimeingia katika Kiingereza kile.

Majina yalipobandikwa, la Raya lilikuwepo. Nilipiga vigelegele kuliko watu wote, kisha nikaenda jikoni nikamenya vitunguu sita, na siku hiyo tulikuwa hatupiki chochote chenye vitunguu.

Alipoanza masomo ndiyo nikazidi. Kila alasiri ananikalisha aufunge mkono wangu kwa kile kitambaa cha kupimia presha, aminye kipira, asikilize, aandike, huku ananihadithia habari za mwalimu wake, Mwalimu Njeri, Mkenya, mkali, ambaye viatu vyake wanafunzi wanavisikia toka mwanzo wa ukumbi na wote wanakaa sawa. Akanieleza kwamba miezi ya mwanzo ni ya majaribio, kosa moja kubwa unarudi kwenu, na kosa mojawapo ni sare na beji kuonekana kwa mtu mwingine. Nilisikia vizuri kabisa. Siwezi kusema sikuambiwa.

Jumatano moja Raya yuko wodini, ameniachia sare yake ya pili nimpunguzie kiuno. Gauni jeupe, zipu mgongoni, suruali nyeupe, na beji ameisahau kifuani. Fundi gani anapunguza nguo bila kuiona mwilini? (Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Mwilini mwa nani, sikujiuliza.) Nikaivaa. Nikafunga mtandio mweupe. Nikasimama mbele ya kioo, na wallahi, nilipendeza. Nikatembea kidogo chumbani bila viatu kusikika. Nikamgeuza mgonjwa, yaani mto.

Mara honi nje, pii pii, na Bi Ghaniya keshaingia mpaka ukumbini. "Zuwena! We Zuwena! Umesahau leo twenda Ghubra kumtazama mzazi? Gari hiyo inangoja, mwanangu ana haraka!"

Hapo ndipo pa uamuzi wangu mdogo. Nilichukua abaya, nikaitupia juu ya sare, nikafunga vifungo mpaka shingoni, nikatoka. Bi Ghaniya nilimwambia tu nimechelewa. Watu wengine niliwaambia baadaye kwamba zipu ilikwama.

Mzazi, aliyejifungua karibuni, alikuwa mkwe wa Bi Sharifa, mama mnene mwenye roho nzuri na nyumba ya ghorofa mbili. Sebule imejaa wanawake, udi unafuka, halwa imepangwa, mtoto anapokezanwa kama zawadi. Wenzangu wote wakavua abaya zao mlangoni, wakakaa na madera yao mazuri. Mimi nikakaa nayo.

"Vua, mwanangu, joto hili," akasema Bi Sharifa.

"Niache tu, bibi, nna mafua."

"Mafua Ghubra? Mwezi huu?"

Jasho linanitiririka mgongoni. Binti aliyekuwa akimimina kahawa akanikaribia na dele lake, mtoto akalia, binti akageuka, na kahawa yote ya moto ikanimwagikia kifuani. Nilipiga ukelele. Na wanawake wetu mnawajua, mtu akiungua hawaulizi: mikono minne ilinivamia, vifungo vikafunguka, abaya ikaenda, na mimi nikabaki katikati ya sebule na sare nyeupe na doa la kahawa juu ya moyo.

Beji hakuna aliyeisoma. Bi Ghaniya akapiga makofi. "Yallah! Kumbe na weye umeingia chuoni! Mbona hukutwambia?"

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Tungecheka, tungekunywa kahawa iliyobaki, mngekuwa hamnijui kwa jina la Daktari. Lakini wanawake wote walinitazama, na walinitazama vile walivyokuwa wakimtazama Raya. Hakuna aliyewahi kunitazama hivyo katika maisha yangu.

Nikasema, "Nilitaka nimalize kwanza ndiyo niseme."

"Mashaallah! Na Raya je, anaendeleaje?"

Na hapa, jamani, nisameheni. Nikainamisha kichwa kama mtu mwenye huruma nikajibu, "Raya naye yumo, ila masomo yanamshinda kidogo. Mie namsaidia saidia."

Wakaguna kwa kumsikitikia. Nilisikia raha mwilini, raha mbaya, kama ya kukuna kipele.

Basi wakaanza. Mmoja magoti, mwengine sukari, wa tatu anataka kujua kwa nini mkono wake wa kushoto unakufa ganzi akisali. Nikajibu wote: wapunguze chumvi. Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa kaingia na viatu vyake, kelele zetu zikamfunika, mgeni, na zawadi ya mtoto mkononi, akaketi pembeni karibu na mlango. Bi Sharifa akamwamkia kwa mbali, "Karibu, mpangaji wangu!" Mimi sikumjali, kwa sababu Bi Sharifa alikuwa keshatuma iletwe mashine yake ya presha kutoka kabatini.

"Nipime, Daktari wangu. Mwanangu kaninunulia, hakuna anayejua kuitumia."

Nilijua. Si nilipimwa kila alasiri? Nikamfunga kitambaa mkononi. Nikavaa ile mipira ya kusikilizia juu ya mtandio (nilisikia mtandio tu). Nikaminya kipira. Nikaminya. Nikakunja uso kama Raya anavyokunja. Nikaminya tena. Kitambaa kikavimba, mkono wa Bi Sharifa ukawa mwekundu, kisha rangi ya zambarau, naye akawa ananiangalia kwa imani kubwa.

"Ni kawaida kuuma hivi?"

"Kawaida, bibi."

Shida ni kwamba sikuwahi kuangalia Raya anavyokifungua. Kile kiskrubu kidogo nilikigeuza, kumbe ninazidi kukikaza. Bi Sharifa akaanza kutoa shahada. Bi Ghaniya akaanza kumvuta kitambaa, mwengine akamvuta Bi Sharifa, mtoto akalia, mzazi akatoka mbio chumbani akiwa hajafunga nguo vizuri, na sauti moja ikapasua zogo lote:

"Wacheni kuvuta! Fungua hiyo skrubu! Upande ule mwingine, wewe!"

Yule mpangaji alikuwa keshasimama. Na alipotembea kuja kwangu, kwenye vigae vya Bi Sharifa, nilivisikia viatu vyake. Ko, ko, ko. Mwili wangu ulijua kabla ya akili.

Aligeuza skrubu kwa vidole viwili. Kitambaa kikapumua, fyuuu, Bi Sharifa akaanguka kwenye mito. Mwanamke akaupapasa ule mkono, akaridhika, kisha akainama akasoma beji yangu.

"Raya Salim."

"Naam," nikasema. (Naam! Mpaka leo sijui ulimi ule ulikuwa wa nani.)

"Raya Salim nimemwacha wodini saa sita na nusu, akimlisha mgonjwa. Mimi ndiye Njeri ninayewafundisha. Kwani wewe ni nani?"

Nilichukua abaya yangu iliyolowa, nikaivaa ndani nje, nikatoka. Nyuma yangu namsikia akisema, "Huyo Raya mwambieni Jumamosi saa moja niko ofisini. Na hiyo sare aje nayo."

Njia nzima kurudi Hail, Bi Ghaniya hakusema neno, na mnaomjua mnaelewa hali ilikuwa mbaya kiasi gani.

Nilimwambia Raya mwenyewe, jioni ile ile, alipokuwa akila. Nilimwambia yote, ila zipu nilisema ilikwama. Akaweka kijiko chini.

"Ulisema masomo yananishinda?"

"Nilisema."

Nilingoja apige kelele. Nilimlea, nilijua kelele zake. Akasema taratibu, "Mie nikifaulu kitu, wa kwanza kumwambia ni weye, dada. Sasa nimwambie nani?"

Akaenda kulala bila kumaliza chakula. Mimi nikakaa kulisugua lile doa, kwa limau, kwa sabuni, kwa chumvi. Halikutoka.

Jumamosi tulikwenda wote wawili. Raya amevaa sare ile nyingine, uso umemvimba. Ofisini mlikuwa na Mwalimu Njeri na mama mwengine mkubwa wa chuo, na karatasi mezani tayari, na nilijua karatasi ile inaweza kumrudisha Raya nyumbani akakae pembeni yangu ashone kofia. Nikaanza hadithi yangu: nilikuwa napunguza kiuno, nikaipima, gari ikaja, zipu ikakwama.

Mwalimu Njeri akaishika sare, akaivuta zipu juu, akaivuta chini. Zrrr. Zrrr. Ikateleza kama maji.

"Zipu ilikwama?"

Nikamtazama Raya. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anaitazama ile karatasi, na vidole vyake vimeshika ukingo wa kiti, vile vile alivyokuwa akishika ukingo wa kitanda siku walipomtoa mama nyumbani kwenda kuzikwa.

"Haikukwama," nikasema. "Ilikuwa inafunguka. Sikutaka kuivua. Namwonea kijicho mdogo wangu tangu siku aliyoomba. Nilitaka kazi hii kabla yeye hajajua kusoma, na badala ya kumwambia, nimemvalia nguo yake na kumsengenya mbele za watu. Beji ilikuwa imesahauliwa tu. Mwacheni. Kama kuna adhabu, nipeni mimi."

Yule mama mkubwa akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikasema darasa la saba. Akamtazama Raya. "Nani alikulea?" Raya akanionyesha kwa kidevu, bado hajanitazama.

Mwalimu Njeri akakunja karatasi, akaitia kwenye droo. "Raya, beji ukiisahau tena, usirudi. Sare zako zitafuliwa hapa hapa chuoni." Kisha akanigeukia. "Na wewe, Madam Daktari. Umependa sana kupima? Darasa langu halina mikono ya kutosha ya kujifunzia. Keti pale."

Ndivyo nilivyoingia chuo cha uuguzi. Asubuhi nzima nilikaa mbele ya darasa na mkono wangu juu ya meza, na wasichana wote, mmoja baada ya mmoja, wakaufunga, wakauminya, wakakosea, wakarudia, na Mwalimu Njeri nyuma yao anasema, "Kaza kidogo, hatasema kitu." Wa mwisho alikuwa Raya. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kabisa. Aliminya kiasi, akafungua skrubu polepole, na nikaona ilivyo: kidole gumba, kuelekea kwake.

"Imepanda," akasema.

"Inapandishwa na kijicho," nikamwambia.

Alijitahidi asicheke. Akashindwa.

Doa lile nililishonea mfuko wa pili juu yake, na siku walipohitimu, safu nzima ya wasichana ilikuwa na mfuko mmoja mmoja kifuani, Raya peke yake miwili, na Mwalimu Njeri alipofika kwake akaugonga ule wa pili kwa kidole. Mimi nimekaa nyuma na Bi Ghaniya. Nimeapa sitavaa tena nguo ya mtu, wala sitampima mtu hata homa, na mpaka leo sitoki mlangoni kabla sijaifungua abaya mbele ya kioo nikaona nimevaa nini ndani.

Kijicho sitasema kimekwisha. Jina la Raya lilipoitwa nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, kisha tuliporudi nyumbani nikaenda jikoni. Nilimenya kitunguu kimoja tu.