Mahali pa Bedan

Warigia hakuwahi kugusa samaki mpaka alipopita miaka arobaini, na hata hapo alimgusa kwa ncha za vidole huku ameangalia kando. Kwao, kule juu Gatanga, samaki alihesabiwa jamaa ya nyoka. Aliyemla hakutukanwa, lakini kikombe chake kilioshwa mara mbili. Sasa njaa nayo haina adabu, haiulizi mtu kwenu mnakula nini. Bedan mumewe alipoachishwa kazi kwenye kiwanda cha nguo Thika, ambako alikuwa msimamizi mwenye sauti yake, alirudi kwenye chumba chao cha kupanga Gitothua, huku Ruiru, akakaa wiki nzima akitazama ukuta. Kisha asubuhi moja akanunua ndoano na uzi, akavaa gambuti, akatoka bila kuaga. Jioni akarudi na gunia lenye samaki.

Ndugu zake walikuwa wamemwita mapema, mara tu waliposikia ameachishwa kazi. Maina, kifungua mimba wa kwao, alimkalisha mbele ya familia yote akamwambia arudi nyumbani, kulekule juu, alime shamba lao, atapewa chakula kama mfanyakazi mwingine yeyote. Bedan alisimama palepale, chai bado mkononi. "Mimi kushika jembe la mtu mwingine," alisema, "mtakuwa mmenizika kwanza." Maneno makubwa hayo, na yalisemwa mbele ya wake za watu. Hayangeweza kumezwa tena.

Kwa hiyo ikawa samaki. Dorine, jirani wa mlango wa pili, mtu wa ziwani, ndiye aliyemfundisha Warigia kupara magamba na kukaanga bila kujichoma. Karai likawekwa langoni pa ploti, ule ua wa vyumba vya kupanga, na watu waliotoka magharibi, ambao ploti ilikuwa imejaa wao, wakawa wananunua kabla hata mafuta hayajatulia. Dorine alipenda kumtania. Siku moja aliinua samaki wawili kwa mikia, akawatazama, akauliza kama samaki wa mzee ni mapacha. Warigia alicheka mpaka akashika kiuno. Alidhani amesifiwa.

Mahali alipovua Bedan hakuna aliyepajua. Mvuvi hasemi mahali pake, ndivyo alivyojibu kila akiulizwa. Akimwambia mkewe, mkewe atamwambia Dorine, Dorine ataambia ploti, na kesho yake watasimama huko bega kwa bega kama foleni ya maji. Warigia hakuona ubaya. Kila mtu alijua Mto Ruiru umejaa wanaume waliofutwa kazi, kila mmoja na kijiti chake. Akipata mtu pembe yake iliyotulia, mwache aifiche. Jioni aliupokea uzi ukiwa bado unadondoka maji, akauning'iniza kwenye msumari nyuma ya mlango, akashukuru Mungu.

Halafu kiharusi. Bedan alikuwa anavaa gambuti ya pili alipoinama na asiinuke. Upande mmoja wa mwili ulilala, ulimi nao ukalala. Hospitali ilimrudisha nyumbani na maagizo ya mazoezi kwenye zahanati iliyo karibu, na muuguzi wa hapo akasema mkono una matumaini, mradi wasikose. Lakini karai lilikuwa limepoa. Shiko, binti yao, aliolewa Nyahururu na shida zake zilikuwa zinamtosha. Majirani walichanga unga mara ya kwanza, mara ya pili wakachanga maneno ya faraja.

Ndipo Maina akaja. Alisimama mlangoni, akamwangalia ndugu yake kitandani, akatamka kwamba mtu wa namna hii hurudishwa nyumbani. Angekuja na pikapu Jumamosi. Warigia alimwambia huko juu hakuna zahanati ya mazoezi, na Maina akajibu kwamba hata hapa hakuna chakula. Kama Mama Shiko anaweza kumlisha, amlishe, yeye hatamng'ang'ania. Bedan alisikia yote. Chozi lilitoka jicho moja, lile la upande mzima, likapita sikioni. Warigia alilifuta, na moyoni akaapa kwamba mume wake hatapakiwa kwenye pikapu kama gunia la viazi kwenda kusubiri kifo mbele ya watu aliowajibu vile.

Njia ilikuwa moja tu: apajue mahali pa Bedan.

Aliketi kando ya kitanda akaanza kumuuliza. Ni huku Ruiru? Bedan akafumba macho. Ni Ndarugu? Hakuyafumbua. Ni Thika, Mto Chania? Bedan akageuza uso ukutani. Akamgeuza tena kwa kidevu, taratibu, akauliza upya, naye akautoa mkono wake mzima akausukuma wa mkewe. Warigia alikasirika. Hata sasa anafichwa? Karai limepoa, Jumamosi inakuja, na mtu bado anabana siri ya samaki kama mchawi! Alichukua ndoano, uzi na lile gunia ambalo yeye mwenyewe alilishonea mikono ya kitambaa chekundu, akamwomba Dorine amwangalie mgonjwa, akatoka.

Darajani Ruiru alikuta umati. Juu kidogo watu waliosha magari na pikipiki, sabuni ikishuka mtoni kama povu la maziwa, na chini ya hapo wanaume wamejipanga nyuzi zikigombana. Walipoona mama mwenye leso kichwani na ndoano mkononi, walicheka, lakini walimpa nafasi. Alirusha mara ya kwanza akamnasa kijana begani. Alirusha mara ya pili akanasa uzi wa mzee mmoja, wakafungua fundo hadi jua likapanda. Mzee huyo, mvuvi wa miaka mingi, alipata kambare mmoja wa urefu wa kijiko, akamtia mfukoni haraka kama mtu aliyeiba. Warigia aliuliza kama wanamjua Bedan, mrefu, mwenye gambuti za kijani. Hakuna aliyewahi kumwona.

Moyo wake uliruka kwa furaha. Kama hawajawahi kumwona, basi mahali penyewe ni pa siri kweli.

Kesho yake alishuka nyuma ya mashamba ya kahawa, mlinzi akamfukuza. Siku iliyofuata alienda Ndarugu, akakuta wachimba mchanga wamegeuza mto kuwa tope. Kila mahali kulikuwa na watu, au kulikuwa na sababu ya watu kukosekana. Na kila alipouliza habari za Bedan alijibiwa hapana, na kila hapana ilimwongezea tumaini. Maskini. Mtu akizama hushika hata unyasi, na Warigia alikuwa ameshika unyasi mwingi. Nyumbani Bedan alikuwa amekataa uji. Alifunga meno, akamtazama mkewe akiingia na gunia tupu, akageukia ukuta.

Ijumaa alifika Thika. Alitembea ukingo wa Chania hadi miguu ikavimba, akakuta wavuvi kila kona, tena hapo walikuwa wakali, wana mahali pao na majina yao. Mchana alijikokota akipita Kiganjo, akiwaza atamwambia nini Maina, aliposikia kijana wa bodaboda akimwita.

"Mathe, hiyo gunia si ni ya Mzee Gambuti?"

Kijana aliitwa Mwas. Alikuwa amelitambua gunia kwa ile mikono yake myekundu. Mzee mwenyewe alimbeba kila asubuhi kutoka stendi na kumrudisha jioni, na alikuwa akishangaa amepotelea wapi. Aliposikia habari za kiharusi alivua kofia. Akamwambia mama apande, hakuna kulipa. Walipita nyumba za kupanga, wakapita vibanda vya mwisho, lami ikaisha. Mwas akasimama penye kanjia kembamba na kusema hapo ndipo mzee alikuwa anashukia, kisha anateremka kuelekea mtoni.

Warigia aliteremka karibu akikimbia. Na kweli, chini palikuwa na kona ya mto iliyotulia kabisa. Hakuna mtu. Hakuna sabuni, hakuna pikipiki, ndege tu na maji. Alipiga magoti kwenye nyasi, akamshukuru Mungu kwa sauti, akamwomba msamaha kwa kumtukana mume wake moyoni. Akatia minyoo kwenye ndoano, akarusha, akangoja.

Akangoja sana. Hakuna kilichogusa uzi. Ndipo akaanza kuangalia pale alipoketi, na jambo likamkereketa. Nyasi zilikuwa zimesimama mpaka majini. Mtu akikaa mahali kila siku, mwaka na zaidi, si ataacha hata alama ya makalio? Aliinuka akarudi juu polepole, akitafuta unyayo. Kanjia kalikuwa kamekanyagwa vizuri, lakini hakakufika mtoni. Kalikata kushoto kabla ya nyasi, kakaishia kwenye lango la waya.

Ndani ya lango kulikuwa na vidimbwi vya samaki, vimechimbwa mraba, vimepangwa vizuri kama vyumba vya ploti. Mzee Muasya, Mkamba aliyestaafu na kununua kipande hicho cha ardhi, alikuwa akiwarushia samaki chakula. Aliliona gunia kabla ya kumwona mwenye gunia.

"Wewe ni mke wa Bedan," alisema. "Nimemngoja. Nikadhani amenichoka."

Warigia aliuliza Bedan alikuwa anavua kidimbwi kipi. Muasya akamtazama kana kwamba hakumwelewa. Hapa havui mtu, akasema. Bedan ndiye aliyevichimba. Vyote hivi unavyoviona, mama, ni jembe lake. Akamwonyesha cha mwisho, kilichofika nusu, na jembe likiwa bado limechomekwa udongoni pale alipoliacha.

"Mimi nilimwambia achukue pesa kama watu wengine. Akakataa. Akasema, nikirudi na pesa mke wangu atajua ni kibarua, nipe samaki. Na kabla ya kwenda alikuwa anachovya uzi wake hapo, unalowa, ndio anaenda."

Warigia aliketi chini kwenye udongo. Kwanza alipandwa na hasira, kisha aibu, kisha ikamjia huruma. Mapacha! Dorine alikuwa amejua. Ploti yote ilijua. Mto hukupa mkubwa leo na mdogo kesho, hukupa kambare, siku nyingine hukunyima kabisa. Samaki wa Bedan walikuja kila siku, tilapia watupu, urefu mmoja kama watoto wa shule kwenye mstari. Mtoto wa ziwani angecheka siku ya kwanza. Lakini yeye alilelewa na watu wasiomtazama samaki usoni, na Bedan vilevile, ndiyo maana mmoja alidanganya vibaya na mwingine akadanganyika vizuri. Mwaka na zaidi mume wake alikuwa amelima ardhi ya mtu, mwanamume wa umri ule, akichimba mashimo hadi mshipa ukapasuka kichwani, ili tu yeye asijue kwamba ameshika jembe.

Alisimama, akavua viatu, akaenda akaling'oa lile jembe. Muasya alimzuia, akasema si kazi ya mama, akajitolea kumpa samaki wa leo bure. Warigia alimwambia wa leo atashukuru, na wa kesho je? Akauliza baada ya kidimbwi hiki kuna kingine. Mzee akatikisa kichwa. Hiki ndicho cha mwisho, ardhi imeisha. Warigia akainua jembe hivyohivyo. Alichimba akijua kila pigo linamsogeza karibu na siku ya kukosa, na hakuweza kuchimba taratibu kwa sababu mzee alikuwa anamtazama. Jua liliposhuka alipewa samaki wake, wote urefu mmoja. Kabla ya kutoka langoni aliuchovya uzi majini.

Nyumbani aliuning'iniza kwenye msumari nyuma ya mlango. Bedan alitazama matone yakidondoka sakafuni, akatazama gunia, halafu akamtazama yeye.

"Baba Shiko, nimepaona mahali pako," Warigia alisema. "Kumetulia. Hakuna mtu."

Bedan hakugeukia ukuta. Aliunyoosha mkono mzima, akashika wa mkewe, akaugeuza kiganja juu. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, udongo mwekundu umeingia ndani. Alilia bila sauti, mdomo umepinda, na Warigia alilia pamoja naye. Baadaye alipoleta uji, Bedan alifungua meno.

Jumamosi Maina alikuta karai langoni likinguruma na watu wamelizunguka. Warigia alimsalimia kwa kifundo cha mkono, kama afanyavyo mtu mwenye vidole vya mafuta. Maina aliingia ndani, akaona ndugu yake amekalishwa na mto mgongoni. Warigia akamwachia Dorine karai, akaja akaketi kando ya kitanda. Maina akauliza samaki wanatoka wapi.

"Mahali pa Bedan," alijibu.

"Wapi huko?"

"Mvuvi hasemi mahali pake."

Maina alicheka kidogo, cheko la mtu aliyeshindwa bila kuelewa ameshindwa na nini. Akasema basi atapita tena mwisho wa mwezi, aone. Warigia alijua kwamba kabla ya mwisho wa mwezi kidimbwi kitakuwa kimekwisha. Maina akainuka kuaga, akamnyooshea shemeji yake mkono, kama heshima inavyotaka.

Warigia alitaka kuutoa wake, ukakataa. Chini ya blanketi Bedan alikuwa ameushika kwa nguvu zote zilizobaki upande ule mmoja, kiganja chake juu ya malengelenge, na macho yake yakiwa kwa ndugu yake bila kupepesa. Maina akabaki ameuning'iniza mkono hewani, kisha akaurudisha mfukoni, akaenda kwenye pikapu yake.