Bakuli la Shangazi

Shangazi yangu aliugua ukoma akiwa msichana. Alipona kabla mimi sijazaliwa. Kilichobaki ni vidole vilivyofupika na maneno ya watu. Alipozeeka akapoteza macho, nami huku kijijini Kiuyu nina mume mgonjwa wa kitandani, nikampeleka mjini kwenye nyumba ndogo ya wazee iliyoendeshwa na watu wa kujitolea. Walimpokea vizuri: kitanda safi, chandarua, dawa kwa wakati wake.

Lakini pale wanawake walikula pamoja, sinia moja juu ya mkeka, kama tulavyo majumbani. Shangazi akapewa bakuli lake peke yake, la bati, limepakwa rangi nyekundu ukingoni lisichanganyike na mengine. Alikuwa akila mlangoni. Hakulalamika. Ila kila Ijumaa nilipokwenda kumtazama aliniuliza, "Wenzangu leo wanakula nini?" Na chakula kilikuwa kilekile.

Akaja mtunzaji mpya, binti wa watu wa bara waliolowea Wingwi zamani. Aliuliza bakuli lile la nini, akaambiwa. Akasema daktari ameshaeleza kuwa ugonjwa ulikwisha, bibi huyu atakula na wenzake. Ijumaa hiyo nilikuwapo. Alimnawisha shangazi, akamkalisha kwenye sinia la wali na samaki wa kukaanga. Shangazi akapiga bismillahi kwa sauti, akatia mkono. Mikono mingine ikaondoka siniani. Mmoja alisema ameshiba, mwingine tumbo linamsokota. Bibi mmoja mcheshi akasema leo sinia limekuwa pana kama uwanja wa mpira. Wakacheka. Shangazi haoni, lakini alisikia kuwa anatafuna peke yake.

Yule binti akakaa, akala naye. Kesho yake akafanya vivyo hivyo, na keshokutwa. Wenzake shangazi wakawa wanaondoka mkekani hawajala. Shangazi ndiye aliyekataa.

"Mjukuu wangu, nirejeshee bakuli langu," alimwambia binti. "Watu wazima wale wanashinda na njaa kwa sababu yangu."

Binti alilia, akamrejeshea. Tangu hapo wakawa wanakula wawili kwenye bakuli lile, pale mlangoni. Siku moja bibi mcheshi alijikongoja akawafuata, akamega tonge moja, akala, akarudi mkekani. Ilikuwa mara moja tu. Shangazi alinisimulia tonge lile kila Ijumaa, kama mtu anayesimulia harusi.

Alifariki kabla ya Ramadhani. Nilipokwenda kuchukua vitu vyake, niliomba bakuli libaki, lichanganywe na vyombo vingine. Yule binti hakutaka kunidanganya.

"Watalitupa, mama."

Nikalichukua. Tunatilia mchuzi humo hapa nyumbani. Mgeni akiuliza ile rangi nyekundu ni ya nini, namwambia. Wengine hula. Wengine husema wameshiba.