Muuaji Alikuwa Nani

Enzi zetu hadithi ya upelelezi hukuipata kwa kubonyeza simu. Ilikuja ndani ya bahasha, kwenye mkoba wa msafiri aliyetoka Mombasa, na msafiri huyo ulimngoja hata miezi miwili. Wenzangu mlioletwa London wadogo, na wazazi wa Kihindi waliofunga duka Afrika Mashariki, nadhani baridi ile mnaikumbuka. Sisi tulikaa mtaa wa Edmonton, watu watano chumba kimoja cha juu, na hita ya mafuta ya taa iliyotia harufu mpaka kwenye chapati. Mwenye nyumba hakutaka kelele, kwa hiyo gololi tulicheza juu ya godoro, na gololi juu ya godoro haiendi popote.

Mama yake mama alibaki Mombasa akingoja kibali cha kutufuata. Sisi Wakachi bibi wa upande wa mama tunamwita Nani. Nyumbani tulichanganya Kikachi na Kiswahili, basi jina hilo lilituletea vituko tangu kule kwetu. Mgeni akibisha, tukiuliza "Nani?", alijibu mwenyewe Nani kutoka jikoni kwamba yupo, anakuja.

Nani alipenda hadithi za mauaji kuliko mwanamke yeyote wa umri wake. Alinunua kitabu chembamba cha Kiswahili, akaazima redio kaseti, akawa anatusomea, kila kaseti sura moja. Nyuma ya sauti yake ulisikia kunguru, na muuza kahawa akigonganisha vikombe. Inspekta akikaribia kufungua kabati, Nani alisita akanywa maji, tukasikia koo likimeza, nasi tumebanana chini ya blanketi hatupumui. Shuleni nilikaa kimya mwaka mzima kwa sababu Kiingereza changu kilichekwa. Jumamosi, kaseti ikizunguka, nilikuwa tena mtoto mwenye akili zake.

Kaseti ya saba iliishia pabaya: maiti ya pili, na kila mtu wa nyumba ile anashukiwa. Hapo Nani akafunga kitabu, tukasikia kikifungwa.

"Mwisho siusomi," akasema. "Nitakuja kuusoma mwenyewe, nimeketi katikati yenu."

Tangu siku hiyo kaka yangu Aziz hakuacha kuuliza muuaji ni nani, nami nikimjibu kwamba ni Nani, ndiyo maana hataki kusema. Tulicheka mpaka mama akatutoa chumbani.

Mama alikuwa akienda Croydon, ofisi ya uhamiaji, kuulizia kibali cha Nani. Aliondoka asubuhi na karatasi zake kwenye mfuko wa plastiki, akarudi jioni akatuambia kwamba bado, tungoje. Tulingoja baridi mbili.

Kisha ikaja bahasha, na ndani kaseti ya nane. Tuliruka kwa furaha. Mama akaitia kwenye redio. Kunguru wakalia, halafu sauti ya Nani, nyembamba, ikasema, "Wajukuu zangu, hii ndiyo sura ya mwisho." Mama akazima.

"Nani haji," akasema taratibu.

Aziz akadhani anaulizwa. "Sijui, mama. Nani haji?"

Mama aliitoa kaseti, akaenda kukaa ngazini peke yake. Mimi nilinuna. Nilikuwa na miaka kumi na nilitaka muuaji wangu. Sikuelewa kwamba aliyeahidi kuja kutusomea mwisho, akiutuma, ameshatuaga. Moyo wake ulikuwa umechoka, daktari amemkataza ndege. Alizikwa Mombasa kabla hatujavua makoti ya mwaka ule.

Kaseti ile mama hakuisikiliza mpaka anakufa. Sasa ninayo mimi, na mimi pia sijaisikiliza.

Siku hizi hadithi za mauaji ziko masikioni mwa mjukuu wangu, kwa kasi maradufu. Safari moja tu ya basi, humo masikioni wanakufa watu wanne, naye anatafuna chipsi. Hangoji chochote, na sijui kama hilo nimwonee wivu au nimwonee huruma. Juzi aliikuta kaseti kwenye droo, akaniambia kwa Kiingereza kwamba ataihamishia kwenye simu, ni dakika kumi tu. Nilimsimulia habari yake. Akaigeuzageuza mkononi, akanitazama. Ni mtoto wa binti yangu, na jina la kuniita ni lile lile. Akajikakamua na Kiswahili chake kidogo.

"Nani, muuaji ni nani?"

Nikamwambia sijui, bado namngoja Nani wangu aje anisomee. Kisha nikamwomba kaseti yangu.