Mama Pindo na Swali la Kitambaa

Saa moja asubuhi, wateja hawajaanza kubisha hodi, Mama Pindo ameinamia meza ya kukatia nguo, chaki mkononi. Leo hapimi kiuno cha mtu. Juu ya kitambaa cheusi anaandika eksi, alama ya kujumlisha, kisha nne.

"Huyu eksi ni mgeni asiyetaka kutaja jina," anasema. "Kazi yangu kumbana mpaka aseme."

Jina lake amepewa na wateja: nguo zake hazikosi pindo. Mtoto akirefuka, sketi inashushwa tu. Ameshona miaka ishirini na miwili, na sasa chuo cha ufundi cha mtaa wa pili kinamtaka akafundishe. Sharti ni moja, afaulu hesabu za sekondari. Shule aliiacha kidato cha pili, baba yake alipofariki.

Mwaka jana alifanya mtihani, akaanguka kwa kupungukiwa alama tatu. Na swali lililomwangusha, jamani, lilihusu kitambaa! Mita ishirini zimekatwa vipande viwili, kimoja kinazidi kingine kwa mita nne. Kila kipande kina urefu gani?

"Nilipata nane na kumi na mbili, sawasawa kabisa," anasimulia akijipiga paji la uso. "Halafu mkono ukaniwasha. Fundi gani anakata bila kuacha pindo? Nikapunguza sentimita tano kila kipande!"

Binti yake, ndiye mwalimu wake, anaacha kupiga pasi ili acheke vizuri. "Mama, jibu ulichoulizwa. Swali halina pindo."

"Basi ni swali la ovyo!"

Wanacheka wote, ingawa siku ya matokeo Mama Pindo alilia kama mtoto.

Mtihani wa marudio ni Jumamosi. Akianguka tena, nafasi ya chuoni atapewa mwingine.

"Naogopa," anasema bila kuficha. "Macho yameanza kuchoka, tundu la sindano nalitafuta kwa kupapasa. Kushona kutanishinda siku moja. Kufundisha nitaweza."

Binti anamtungia swali jingine: kitambaa cha mama ni mara mbili ya cha mtoto, jumla mita sita.

Mama Pindo anaandika: eksi tatu ni sawa na sita. Anapata mbili, anapata nne. Chaki inasitasita hewani. Anaiweka chini haraka, anaketi, mikono anaikalia.

"Mbili na nne," anasema. "Pindo nitawafundisha nikifika chuoni."