Wajane wa Chumba cha Kadi

Martine Mwape hakuweza kuona vitu vilivyopangwa bila kuvisawazisha kingo. Sahani za msibani, vitabu vya nyimbo kanisani, hata samaki wakavu sokoni: alivishika kwa mikono miwili, akavigonga mezani, akapitisha kidole gumba pembeni, ndipo akaviacha. Muuza samaki mmoja wa soko la Kenya, mtaa wa Lubumbashi, alimtukana kwa ajili hiyo. Martine naye alimtukana, akaendelea kugonga. Tabia hiyo aliipata kazini, kwenye kadi. Kadi moja ikichomoza upande, mashine huitafuna, na kazi ya asubuhi nzima husimama.

Nilimjua katika kampuni ya malori na bidhaa za jumla, karibu na stesheni ya Lubumbashi. Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya wafanyakazi. Nilikuwa nimesomea ualimu nikaishia kuandika barua za likizo za watu, na Martine hakunisamehe hilo. Aliniita Mwalimu kwa dhihaka, kila siku ya Mungu. Hakuwa mwanamke mpole. Wanaomsifu leo kwa kuwa amekufa hawakukaa naye chumba kimoja.

Aliingia kampuni akiwa msichana, kazi yake kutoboa kadi za karatasi ngumu ambazo kompyuta ilisoma matundu yake. Kompyuta ya siku zile ilikuwa na ukubwa wa makabati matatu, ikikaa katika chumba chenye baridi kuliko ofisi ya Mkurugenzi. Ilihesabu mishahara, ikapanga safari za malori ya Mitwaba, ikajua gunia gani liko ghala gani. Mbelgiji aliyeiandikia programu alianza kumfundisha Martine kwa uvivu tu, kwa kuwa alichoka kuitwa kila kadi ilipokosewa. Baadaye alimwachia aandike mwenyewe.

Kisha ukaja mwaka ambao serikali iliwagawia wananchi biashara za wageni. Mbelgiji akafunga masanduku yake. Vijana watatu waliofundishwa pamoja na Martine wakachukuliwa na kampuni kubwa ya shaba, mmoja baada ya mwingine. Kule kulikuwa na nyumba, unga wa kila mwezi na shule ya watoto, nani angewalaumu? Mkurugenzi wetu mpya, Numbi, alitangaza kazi gazetini. Hakuja mtu. Akapeleka vijana wawili Kinshasa wakasome. Mmoja alipata kazi hukohuko, mwingine alipata mke, na hakuna aliyerudi.

Akabaki Martine. Numbi akaanza kumlinda kama yai. Jioni gari lake lenyewe lilimrudisha nyumbani, na asubuhi alimwamkia kwanza, yeye Mkurugenzi, jambo ambalo lilituudhi sote.

Lilimuudhi zaidi Paulin Chanda, mume wa Martine. Duka alimokuwa akiuza lilikuwa limefungwa, na kila siku alivaa koti la abacost, lile lisilovaliwa na tai, lililopigwa pasi vizuri ingawa hakuwa na mahali pa kwenda nalo. Asubuhi moja ya kiangazi aliingia ofisini kwangu na karatasi mkononi. Sheria ya wakati ule ilimruhusu mke kuajiriwa, mradi mumewe asipinge. Akipinga, mwajiri alipaswa kumwachisha kazi.

"Citoyenne," aliniambia, maana ndivyo tulivyotakiwa kuitana, mwananchi, "soma hiyo. Muke wangu hatatumika tena."

"Kwa sababu gani, Citoyen?"

"Miye njo sababu. Anarudishwa na motokari ya Mukurugenzi, bantu ba barabara nzima banatoka kuangalia. Banasema Chanda iko analishwa na muke. Nilimuazima kampuni. Sasa namurudisha kwangu."

Nilimwita Martine kutoka chumba cha kadi. Alimtazama mumewe kuanzia kola hadi viatu.

"Chanda, batoto batakula ile koti?"

"Unaona?" Chanda akanigeukia. "Njo vile anasemaka, hata mbele ya bantu. Ni ile mashini inamuharibu."

"Mashini, ukikosea, inakuonyesha pale ulikosea. Wewe unapigaka tu."

Chanda aliweka karatasi juu ya meza yangu, akainyoosha kwa kiganja, akatoka bila kufunga mlango.

Numbi alipoisoma aliketi. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia, na bila Martine hakuna dereva ambaye angelipwa. Mwajiri mwingine angetafuta mwanasheria. Numbi alifanya kama wanavyofanya wanaume wa kwetu wanapotaka binti wa mtu: alinunua kreti ya bia na kuku wawili, na Jumapili akanichukua twende naye ili niandike makubaliano.

Chanda alikuwa amemwita kaka yake mkubwa aje kumsemea. Tuliketi uani, chini ya kivuli cha ukuta. Martine alipewa kuku awanyonyoe, pale karibu na mbabula, jiko letu la makaa.

"Munaleta nini kwetu?" kaka mkubwa akauliza, kwa sauti ileile ya mazungumzo ya mahari.

Numbi alicheka. "Muzee, tunaomba mutumikaji. Hatuombi bibi."

"Kuomba ni kuomba. Fungua kwanza bia."

Walipokunywa walitaja masharti. Chanda apewe kazi ya kutunza ghala. Gari la Mkurugenzi lisionekane tena mtaani. Na mshahara wa Martine uwekwe mkononi mwa mumewe. La kwanza Numbi alilikubali mara moja, la pili pia. La tatu, alitazama kwanza kikombe chake, ndipo akalikubali.

Martine alisimama. Manyoya yalikuwa yamemganda mikononi hadi kwenye viwiko.

"Na miye nasaini wapi?"

"Mama, haya ni maneno ya babwana," kaka mkubwa alisema.

"Citoyenne Mwape, tunakusaidia," Numbi alisema. "Kesho uko kwa mashini yako."

"Shefu, ukitaka kununua lori, unauliza bei kwa ule mwenye kulala chini yake?"

Chanda aliinuka, na kaka yake akamvuta kwa pindo la koti akae. Kuku waliiva, wakaliwa. Martine hakula.

Siku ya pili alirudi kazini kama kwamba hakuna lililotokea, ila aliacha kabisa kusema na Numbi. Maswali yake aliyajibu kwa kidole. Numbi naye hakuwa mjinga. Alijua kwamba kampuni yake yote ilikuwa ikining'inia kwenye hasira za mume mmoja, na kwamba kreti nyingine ya bia ingefuata, na nyingine tena. Akashuka chumba cha kadi akamwamuru Martine achague vijana wawili wa ofisini awafundishe. Nilikuwapo, nimeleta orodha ya mahudhurio.

"Nitafundisha," Martine alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimjibu tangu Jumapili ile. "Lakini nafundisha bajane."

"Bajane gani?"

"Ba bashofere bako. Kunda na Mutale. Bote babili balisoma kwa bamasista."

Kunda na Mutale walikuwa wake wa madereva waliokufa lori lilipopinduka katika barabara ya Mitwaba msimu wa mvua. Barua za kuwatoa katika nyumba za kampuni zilikuwa tayari ofisini kwangu zikingoja sahihi.

Numbi alipiga makofi kwa kicheko. "Mashini ya kampuni niiachie bajane? Bantu batasema tunaita kifo ndani ya kazi!"

"Bale vijana ulituma Kinshasa, beko wapi? Mujane hana bwana wa kukuletea karatasi. Hautabeba kuku kwa mutu."

"Na nikikataa?"

"Utaendelea kunywa na Chanda."

"Citoyenne, angalia kinywa chako. Hii inaitwa sabotaji, kuharibu kazi kwa makusudi. Naweza kuita bantu ba Chama."

"Ubaite. Bakuye bakae hapa, kiti ni hiki. Batoe mishahara."

Nilishusha macho kwenye orodha yangu. Siku zile maneno kama hayo yalimpeleka mtu mahali pasipo na jina. Numbi alitia mkono kwenye mfuko wa koti, akaizunguka mashine. Nadhani alikuwa akihesabu, na hesabu ilimkubali Martine. Barua za kuwatoa wale wanawake nilizirudisha kwa Numbi, akazichana.

Msomaji asifikiri kwamba Martine aliwapenda. Mimi pia nilitafuta dalili ya upendo, sikuiona. Aliwafundisha kama mtu anayelipiza kisasi. Alimwita Kunda kichwa cha chungu. Kadi za Mutale, zikiwa na kosa moja, alizimwaga sakafuni zote ili Mutale azipange upya kwa akili yake. Siku moja Mutale alijifungia chooni akilia, na Martine akamfuata hadi mlangoni.

"Unalia nini? Bwana alishakufa. Mashini haijakufa. Toka!"

Mutale alitoka. Alijifunza. Wote wawili walijifunza, nao walimchukia kwa moyo wote, na chuki hiyo iliwafanya wasikose hata kadi moja.

Aliyeelewa kabla yetu sote ni Chanda. Alikuja kutoka ghalani, vumbi la saruji kwenye abacost, akasimama kwenye mlango wa chumba cha baridi ambao hakuwa amewahi kuukaribia.

"Unabafundisha bakuondoe!" alipiga kelele. "Na siku bakikuondoa, miye naenda wapi?"

"Leo umejua kusoma mambo?" Martine alimjibu, bila kugeuka.

Lakini Chanda alisema kweli, na mpaka leo sijui kama Martine hakuiona kweli hiyo au aliiona akaikumbatia. Mara Kunda na Mutale walipotoa mishahara peke yao bila kosa, Numbi alimwondoa Chanda ghalani. Alisema hajui kutofautisha gunia la chumvi na la saruji, jambo ambalo tulilijua tangu siku ya kwanza. Siku hiyohiyo Chanda aliniletea karatasi ya kupinga kazi ya mke wake. Safari hii Numbi hakununua bia. Aliitia sahihi palepale, akamshukuru Martine kwa miaka yake, akampa mkono. Martine aliutazama ule mkono mpaka mwenyewe akaurudisha mfukoni.

Alikwenda kubisha hodi kwenye kampuni ya shaba. Walimtaka sana, lakini nao waliuliza habari za mume, na Chanda akadai nyumba na cheo. Watunza ghala walikuwa nao tele. Kuachana kulikuwa mlango wa mwisho, nao ulifungwa na wajomba zake Martine: mahari walishaila, na hakuna aliyekuwa tayari kuirudisha. Basi akaanza kukaanga mikate mbele ya nyumba. Nilipopita nilimwona akiipanga juu ya karatasi, na wateja walimwogopa.

Kabla ya mvua kuanza tena, Kunda alituaga. Baada yake Mutale. Kampuni ya shaba ilikuwa imewapa nyumba. Hawakuwa na mume wa kuwazuia kuja kwetu, na kwa sababu hiyohiyo hawakuwa na wa kuwazuia kuondoka. Numbi alikaa ofisini na kichwa mikononi kama mfiwa. Hatimaye aliniita, akanituma kwa Martine: arudi, na mshahara utawekwa mkononi mwake mwenyewe. Chanda alikuwa amekwisha kuitwa, amekwisha kukubali kufuta pingamizi lake, mradi arudishiwe ghala.

Nilimkuta akigeuza mikate ndani ya mafuta. Nilimweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho, na kijiko kilisimama mkononi mwake, na mikate ikaanza kuungua bila yeye kuona. Sijawahi kumwona mtu akitaka kitu kiasi kile.

"Nani anaiendesha sasa?" aliuliza.

"Hakuna. Wameifunika shuka."

"Na Chanda alishakubali?"

"Alishakubali. Jana."

"Kabla ya miye kuulizwa."

Alitoa mikate iliyoungua, akaitupa majivuni. Mtoto wa jirani alikuja kununua, akamfukuza. Baadaye tulipishana mara kadhaa sokoni, naye akapita kama hanijui, na nilipofika kwake tena nilikuta turubai la msiba wake limeshafungwa uani. Lakini siku ile ya mikate, kabla sijaondoka, alifuta mikono kwenye kitenge, akanitazama usoni bila kupepesa.

"Mwalimu," alisema, "kama kazi yangu inaombwa kwa Chanda, basi Chanda aende aifanye."