Wifi Kasoma Chote

Dobi alikuwa ametimiza miaka kumi na moja ugenini, akipiga pasi mashuka ya hospitali kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha, na muda wote huo alikuwa na kinyongo na mtu mmoja: mke wa kaka yake, aliyemsema kwenye kila kikao cha ukoo. Mwishowe akamwandikia riwaya nzima, ya mwanamke mmbeya mwenye kope za bandia, akaichapisha mwenyewe mtandaoni kwa jina la kubuni, akajiona kamaliza kazi.

Balaa ni kwamba kitabu kiliuzika. Kampuni iliyokiuza, iliyokuwa nchi nyingine kabisa, ikamtaka ajaze fomu ya kodi. Dobi akaipuuza, nayo ikamkata karibu theluthi ya mrabaha wake. Hapo akaijaza mbiombio, tena kwa ujanja: akaandika kwamba anaishi nyumbani, kwenye anwani ya kaka yake, akiamini kodi ya huko ni nafuu.

Mwisho wa mwaka taarifa ya mapato ikatumwa kwa posta kwenye anwani hiyo hiyo. Ilikuwa na jina lake halisi, jina la kubuni na jina la kitabu. Aliyefungua bahasha ni wifi.

Simu ilimkuta Dobi kazini.

"Wifi, nimesoma."

"Umesoma nini, wifi yangu?"

"Chote. Siku mbili, kaka yako anakula mkate mkavu. Na kope zangu ni za kuzaliwa nazo."

Dobi akakalia rundo la mashuka machafu, jambo lililokatazwa kwa maandishi ukutani.

"Ile ni hadithi tu."

"Hadithi inajua nilivaa nini harusini kwa binamu yako?" Sauti ya wifi ikashuka. "Pale yule mwanamke anapolia peke yake jikoni, nani alikwambia?"

Hakuna aliyemwambia. Alipabuni tu kurefusha sura. Dobi akaomba radhi, na safari hii hakuwa anaigiza.

Mwezi uliofuata akaenda ofisi ya kodi ya pale anapoishi, maana bahasha nyingine kama ile asingeiweza. Afisa akasoma karatasi zake kwa utulivu wa mtu anayelipwa kwa saa.

"Hapa umesema unaishi kwenu."

"Moyo ndio unaishi huko."

"Moyo hautozwi kodi, mama."

Akamsaidia kurekebisha fomu na kutangaza mapato ya miaka miwili. Faini ilikuwepo, ya kuumiza bila kuua, na alichokwisha kukatwa na kampuni kikapunguzwa kwenye deni.

"Gharama zozote za kazi ya uandishi?" afisa akauliza mwishoni.

Dobi akafikiri. Tangu siku ile wifi alikuwa anampigia kila Jumapili, tena kwa saa nzima, na wiki iliyopita alikuwa ameanza kumsimulia mambo ya shangazi mmoja wa ukoo.

"Simu," akasema. "Nakusanya habari."

"Lete risiti," afisa akasema.